Fangasi nyeusi nyuma ya kabati, nguo zinanuka uvundo: wana Mwanza mnapambanaje na unyevu ndani ya nyumba?

Mpangaji_Kitangiri

Wakuu habari za humu. Nimepanga Kitangiri, vyumba viwili na sebule, bloku za inchi 6, juu mabati, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu. Kiangazi hakuna shida yoyote ila vuli ikishashika ukuta wa chumbani ule wa upande wa nje unaanza kutoa vidoti vyeusi, vinaanzia kwenye kona juu karibu na dari halafu vinatambaa mpaka nyuma ya kabati, suti yangu nimeikuta ina ukungu mweupe begani, viatu vya ngozi ndo usiseme. Asubuhi vioo vya dirisha vinatiririka maji mpaka yanatuama kwenye reli ya chini.

Mwenye nyumba kaleta fundi, fundi kagonga gonga ukuta akasema nyumba inapandisha maji kutoka chini, dawa yake abomoe plasta yote ya chumba, apige nyingine yenye wota pruufu na juu yake rangi ya mafuta. Sasa mwenye nyumba anataka tuchangie nusu kwa nusu. Kabla sijatoa hela yangu, hivi kweli haya maji yanatoka chini? Mtoto nae kikohozi hakikatiki.

Pimbi_wa_Saanane

Karibu Mwanza mkuu 😂 ziwa liko mlangoni unategemea nini. Paka rangi maisha yaendelee.

FundiWaMsingi_Nyakato

Mkuu wa Kitangiri usitoe hata mia kwanza. Mimi kazi yangu ni hii hii na nakwambia ukuta unaopandisha maji hauanzii kwenye kona ya juu. Maji ya ardhini yanapanda kupitia vitundu vya tofali na udongo wa plasta, yanapanda kutoka chini kwenda juu na mara nyingi yanaishia kama mita moja hivi, yanaacha mstari wa madoa ya kahawia na chini ya huo mstari unakuta chumvi, ule unga mweupe, rangi inabanduka magamba na plasta ukiigusa inamong'onyoka. Ile chumvi ndo ushahidi wangu mkubwa kwa sababu maji yakisafiri ndani ya ukuta yanayeyusha chumvi za saruji, mchanga na udongo, yakifika usoni yanakauka yanaiacha. Fangasi nyeusi kwa kawaida haipendi pale penye chumvi nyingi. Wewe una fangasi juu, kona, nyuma ya kabati, na vioo vinatoa jasho. Chumvi hujaitaja kabisa.

Maji kwenye nyumba yana njia zake: ya ardhini, ya mvua (paa, nyufa, dirisha halijazibwa vizuri), ya bomba linalovuja ndani ya ukuta, na ya hewani. La kwako nahisi ni la hewani. Hilo ukilipigia plasta ya wota pruufu umetupa hela, na ukiongezea rangi ya mafuta ndo umeharibu kabisa maana ukuta unakuwa hauwezi tena kunyonya na kuachia ule mvuke kidogo kidogo, maji yanabaki juu yake yanatiririka.

Jaribio lisilo na gharama: chukua kipande cha nailoni ngumu kama karatasi ya A4, kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, kibandike pande zote nne kwa selotepu ya nguvu isipitishe hewa, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa kwako yaani juu ya nailoni, ni maji ya hewa ya chumbani. Yakiwa nyuma ya nailoni upande wa ukuta, ukuta wenyewe una maji na hapo ndo tuanze kutafuta yanaingilia wapi. Fanya pale kwenye kona na ufanye na pale chini karibu na sakafu, usifanye sehemu moja.

Pimbi_wa_Saanane

@Fundi maji ya hewani tena? Hewa ina maji lita ngapi?

Mwalimu_Fizikia

Nyingi kuliko unavyodhani mkuu. Hewa ya nyuzi 28 inaweza kubeba mpaka gramu 27 hivi za mvuke kwenye kila mita moja ya ujazo, ikipoa ikafika nyuzi 18 mwisho wake ni gramu 15 na kitu. Zile zinazozidi lazima zitoke, na zinatokea kwenye kitu cha baridi kuliko vyote kilicho karibu. Ndo kile unachokiona kwenye chupa ya soda ukiitoa kwenye friji, chupa haijatoboka, ni hewa imepoa pale ilipoigusa.

Sasa Mwanza tuko juu, zaidi ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, usiku kunapoa. Na ziwa lina tabia ya kupika mvua zake usiku, upepo unatoka nchi kavu unakutana katikati ya maji, kwa hiyo msimu wa mvua unapigwa na radi alfajiri, ukuta wa nje unalowa na kupoa wakati ndani mmelala watu watatu mnapumua madirisha yamefungwa. Kona ndo inapoa zaidi kwa sababu ina kuta mbili za nje zinazokutana, na nyuma ya kabati hewa haizunguki hivyo pale hapapati hata lile joto kidogo la chumba.

Na fangasi haisubiri matone. Hewa inayogusa ukuta ikikaa na unyevu wa asilimia 80 hivi kwa muda mrefu inatosha, ukuta utauona mkavu kabisa na bado inaota.

DadaWaKirumba

Sasa hayo maji ndani yanatoka wapi jamani maana mimi sifugi samaki ndani. Nyumba yangu ina tatizo hilo hilo na sisi tuko wanne tu.

Mwalimu_Fizikia

Dada nyie wenyewe ndo chanzo. Kupumua, jasho, kupika, kuoga, kupiga deki, familia ya watu wanne inaingiza lita kadhaa kwa siku bila kumwaga hata tone. Halafu nijibu kwa ukweli, msimu wa mvua nguo mnaanika wapi?

DadaWaKirumba

Koridoni 🙈 nje mvua halafu kamba ya nje nguo zinaibiwa.

Mwalimu_Fizikia

Ndoo moja ya nguo zilizokamuliwa kwa mkono inaweza kuwa na lita mbili au zaidi za maji, zikikauka koridoni hayo maji hayajaenda popote, yamehamia kwenye kuta. Kama hakuna namna, anika kwenye chumba kimoja, funga mlango wake wa ndani, fungua dirisha lake.

Na kuna jingine watu hawalijui, gesi. Gesi ya kupikia ikiungua inatengeneza maji, ile haidrojeni iliyomo inaungana na oksijeni. Kilo moja ya gesi inatoa maji zaidi ya kilo moja na nusu, maana uzito wa oksijeni unaongezeka. Yaani mtungi wa kilo 6 ukiisha umeshaachia maji karibu lita 10 ndani ya nyumba, hapo sijahesabu mvuke wa maharage yenyewe. Kwa hiyo anayepikia sebuleni kwenye chumba kimoja na sebule, dirisha limefungwa, asishangae.

Pimbi_wa_Saanane

Kwa hiyo turudi kwenye mkaa 😂😂 nilijua tu wana Mwanza tutarudi kwenye mkaa

Nesi_wa_Zamu

Usiseme hivyo hata kwa utani kaka yangu. Kuna watu msimu wa mvua wanaingiza jiko la mkaa chumbani "kukausha chumba" au kupata joto wanafunga dirisha wanalala. Mkaa hautoi mvuke mwingi ni kweli ila unatoa kabonimonoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikuamshi. Familia nzima inakutwa asubuhi. Tafadhali sana, jiko la mkaa lisilale ndani, hata likiwa limebaki majivu mekundu.

Na kwa mleta uzi, huyo mtoto mpeleke akaangaliwe kifua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na fangasi za majumbani na lilikuwa wazi kwamba wanaoishi kwenye nyumba za namna hiyo wanapata zaidi kukohoa, kubanwa kifua na pumu. Sisemi fangasi ndo imemuumiza mwanao, kikohozi kina sababu nyingi, hata TB ipo, ndo maana nasema akaangaliwe. Ila kitanda chake kitoe kwenye huo ukuta leo leo.

Kusafisha: usipige brashi kavu, unarusha vumbi la fangasi chumba kizima. Vaa barakoa na glovu, fungua dirisha, mtoto asiwepo, lowanisha kwanza kwa maji ya sabuni ndo ufute, kitambaa ukitupe. Ukitumia jiki usichanganye na siki wala dawa ya choo yenye asidi, inatoka gesi ya klorini na hapo utaletwa kwetu wewe. Na ujue jiki inaondoa weusi tu, unyevu ukibaki fangasi inarudi.

Mzee_Bwiru

Nyie vijana mnasema fungua dirisha, fungua dirisha. Mimi naishi Bwiru naliona ziwa kutoka kibarazani. Nikifungua jioni mbu, malaria, wale wadudu wa ziwani wakivamia taa asubuhi unawazoa kwa beleshi, na vibaka hawajalala. Halafu hewa yenyewe inayotoka ziwani imejaa maji, si ndo naikaribisha ndani?

Mwalimu_Fizikia

Shikamoo mzee. Kuhusu hewa ya ziwani, hoja yako ina uzito mchana wa joto la fukuto kabla mvua haijanyesha, hapo hewa ya nje ni ya moto na imejaa mvuke kweli, ukiiingiza kwenye chumba chenye sakafu ya tailizi ya baridi utaona sakafu inalowa. Lakini usiku na alfajiri hesabu inageuka. Hewa ya nje ya nyuzi 18 hata kama imejaa kabisa ina gramu 15 tu, ikiingia ndani ikapata joto la nyuzi 25 unyevu wake unashuka mpaka asilimia 65 hadi 70. Wakati ile ya ndani mliyoipumua usiku kucha iko juu ya hapo. Kwa hiyo asubuhi ukiamka fungua pande mbili zinazotazamana kwa muda mfupi hewa ipite, halafu tena mchana jua likitoka, na kila baada ya kuoga na kupika hata kama nje mvua inanyesha.

Mzee_Bwiru

Marahaba. Na mbu?

FundiWaMsingi_Nyakato

Mzee hapo ndo tulipoharibu sisi mafundi na fasheni. Nyumba za zamani za Isamilo na Kapripointi zina matundu ya hewa juu ya dirisha karibu na dari, zile tofali zenye vitobo, na ndani yake kuna wavu. Mbu haingii, mwizi haingii, hewa ya moto yenye mvuke inatokea juu yenyewe usiku kucha. Siku hizi mteja anataka dirisha la kuslaidi mpaka kwenye renta (ile boriti ya zege juu ya dirisha), matundu hakuna, au yapo mpangaji kayaziba na magazeti kwa sababu ya vumbi. Nenda kaangalie ya kwako mzee, ninakuhakikishia kama yapo yamezibwa kwa rangi. Zibua, weka wavu mpya wa mbu. Kama hayapo, kutoboa mawili kwenye kila chumba cha nje ni kazi ndogo tu kwa fundi mwenye grainda na tindo.

Bafuni na jikoni feni ya kutoa hewa nje inafaa sana, ila bomba lake litoke nje kabisa. Nimeshakuta feni nyingi zinapuliza ndani ya dari, yaani mvuke wote unaenda kulowesha jipsamu na mbao za kenchi.

Jiweni_Mabatini

Mwangaluka wakuu. Mimi nyumba yangu iko mlimani Mabatini, chumba kimoja ukuta wa nyuma ni mwamba wenyewe, babu alijenga akaegemeza. Ule mwamba unatoa maji. Niliambiwa nipige plasta juu ya mwamba, kweli?

FundiWaMsingi_Nyakato

Mwangaluka. Plasta itadondoka hiyo, inashika vibaya kwenye mwamba uliolowa. Wewe unaweza kuwa na matatizo mawili yanayofanana. Angalia mwamba unalowa siku gani. Kama unalowa wote sawasawa hata wiki ambayo mvua haijanyesha, ni jasho, maana lile jiwe ni kubwa linachelewa kupata joto, hewa ya chumbani ikiligusa inaachia maji. Hapo dawa ni hewa na kuachana na kuoga au kupika kwenye hicho chumba. Kama linalowa kwenye nyufa au mistari na linazidi siku moja mbili baada ya mvua, ni maji ya mlimani yanateremka kati ya jiwe na udongo. Hayo huyazuii kutokea ndani hata ufanyeje, unayakamata juu kabla hayajafika. Unachimba mtaro nyuma ya nyumba upande wa mlimani wenye mteremko wa kwenda pembeni, unajaza kokoto na ukipata hela unalaza bomba lenye matobo chini, maji yanazunguka nyumba yanaenda zake. Yasiende kwa jirani wa chini tu, kule Mabatini na Igogo kesi zenu zote zinaanzia hapo.

Jiweni_Mabatini

😂😂 jirani wa chini tayari haniongeleshi. Wabeja fundi.

Shemeji_wa_Buhongwa

Fundi sasa mimi yangu ndo ile yenye chumvi. Nyumba mpya Buhongwa, tulihamia bado plasta haina muda. Chini kote rangi inavimba, unga mweupe. Nailoni ya msingi, ile inayolazwa chini ya kuta kuzuia maji ya ardhini, iliwekwa naiona mpaka leo imechungulia nje pande tatu, upande wa nne tumeweka paving.

FundiWaMsingi_Nyakato

Umejijibu mwenyewe shemeji. Ile nailoni ya msingi inatakiwa ikae angalau inchi 6 juu ya ardhi ya nje. Mkipandisha paving au mkirundika udongo wa maua mpaka juu yake, maji yanairuka yanaingilia juu, nailoni inakuwa pambo. Hivyo hivyo plasta ya nje ikishushwa mpaka ikagusa ardhi inakuwa daraja la maji kupanda kwa nje. Ondoa paving upande huo walau upana wa futi moja, shusha chini, jaza kokoto, na uangalie maji ya paa yanadondokea wapi maana bila mfereji wa bati mvua ya masika inachimba na kurusha matope mpaka dirishani.

Ila subira. Nyumba mpya ina maji mengi ya zege na plasta ndani yake, na mafundi wana kanuni ya jumla kwamba kila inchi ya unene wa ukuta inataka kama mwezi mmoja kukauka. Bloku ya inchi 6 hesabu nusu mwaka, na hiyo ni kama chanzo cha maji kimeshakatwa. Chumvi ifute na brashi kavu, usioshe, ukiosha unairudisha ndani. Skimu na rangi nzuri baadae, kwa sasa acha hivyo hivyo hata kama wageni wanacheka.

Na waliojenga chini kabisa karibu na maji, wanakumbuka 2020 ziwa lilivyopanda. Hao maji ya ardhini yako futi chache tu, kwao nailoni ya msingi siyo sehemu ya kubania hela.

MamaWawili_Mkolani

Mimi ukuta umelowa katikati, siyo juu siyo chini, duara moja. Hauna mvua hauna nini.

FundiWaMsingi_Nyakato

Nyuma yake kuna bafu?

MamaWawili_Mkolani

Eeh

FundiWaMsingi_Nyakato

Bomba. Usiku mkienda kulala funga koki zote na hakikisha tanki la choo na simtanki vimeshajaa, soma namba za mita ya MWAUWASA (mamlaka ya maji Mwanza), asubuhi kabla mtu hajafungua maji soma tena. Zikisogea linavuja. Zisiposogea, angalia bomba la kutoa maji machafu au ule mstari wa silikoni na grauti kati ya tailizi na sakafu ya bafu, pale panapita maji kila mnapooga na mita haijui.

Mpangaji_Kitangiri

Wakuu nimerudi. Nailoni ya juu kwenye kona matone yapo upande wangu, nyuma pakavu kabisa. Ya chini kavu pande zote. Nikampigia mwenye nyumba nikamtumia picha, kanyamaza muda halafu akaniuliza "sasa unataka nini". Nimemwambia plasta aache, anitobolee matundu mawili tu na ambadilishie yule fundi kazi. Kakubali matundu, hela ya mchango hajaigusia tena. Kabati nimelivuta, nyuma yake hali ilikuwa ya kutisha, hardibodi yote ya mgongo imekunjamana.

FundiWaMsingi_Nyakato

Safi. Kabati liache mbali na ukuta kama upana wa kiganja, na kama inawezekana lihamishie kwenye ukuta wa kati ya vyumba, siyo wa nje. Hiyo hardibodi ng'oa utupe, imeshaliwa na fangasi. Viatu vya ngozi viweke wazi juu ya kabati, usivifungie kwenye maboksi. Na ukiona tena doa la dari katikati ya chumba usikimbilie kusema paa linavuja, bati usiku usio na mawingu linapoa haraka sana, mvuke uliopenya kwenye dari unageuka maji chini ya bati unadondoka matone asubuhi. Doa linalotokea bila mvua ni hilo, na dawa yake ni matundu kwenye kingo za paa pande zote mbili ili dari ipumue.

Mjukuu_Igombe

Samahani naingilia, mimi shida yangu ni stoo. Huku Igombe gunia za mahindi na dagaa naweka chumba kimoja, za chini zinaota ukungu kila msimu. Nikianika tena juani zinakuwa sawa, naweza kuuza?

Nesi_wa_Zamu

Mahindi yaliyoota ukungu usiuze na usile, wala usiyapeleke kwenye pombe. Kuna sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, haiondoki kwa jua wala kwa kupika. 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa hiyo.

FundiWaMsingi_Nyakato

Na gunia zisiguse sakafu wala ukuta, weka chaga za mbao hewa ipite chini. Dagaa watoe humo kabisa, nao wanavuta maji hewani. Mahindi yaingie stoo yakiwa makavu ya kuvunjika kwa jino, unyevu asilimia 13 na kushuka. Sakafu yako ni ya udongo au zege?

Mjukuu_Igombe

Zege, ila haina nailoni chini.

FundiWaMsingi_Nyakato

Basi tandika nailoni nzito kwanza, chaga juu yake. Picha za ukuta wa nyuma ukipata muda weka hapa.